Mikato Sita Kwenye Kitako

Édouard alibandika jicho kwenye mdomo wa bunduki, akafumba la pili, akakaa hivyo hivyo mpaka wanawake waliokuwa wakimenya mihogo uani wakaanza kucheka.

“Papa, uko natafuta nini mule ndani?” mmoja wao, Naomie, akamuuliza. “Nyumba ya kupanga?”

Édouard akaendelea kuchungulia. Alikuwa amefungua bunduki kwa nyuma, ameweka ukucha wa kidole gumba pale risasi inapoingia ili urudishe mwanga, na sasa alikuwa akiukagua mtutu kwa ndani kama daktari anavyochungulia koo la mtoto. Kazi yake ilikuwa hiyo: kuzunguka vijiji vya Walikale na pikipiki, kununua vitu vilivyotoka Bulaya zamani, cherehani, jenereta, bunduki za kuwindia, kisha kwenda kuviuza mbele. Anamuuzia nani, hakuna aliyemuuliza.

Koko Élisabeth, bibi mwenye nyumba, alikuwa akimtazama kutoka kwenye kigoda chake mlangoni. Si yeye aliyemwita. Aliyemwita ni shemeji yake Honoré, mdogo wa marehemu mume wake Jean-de-Dieu. Honoré alisimama kando, mikono mgongoni, amevaa shati la kanisani siku ya kazi.

“Mtutu iko muzuri,” Édouard akasema mwishowe. “Kutu kidogo huku mbele, mafuta itaitoa. Mti wa kitako ni ule wa kwao kabisa, si wa kuungaunga.” Akakivuta kile chuma cha kusukumia risasi, kikaenda nyuma na kurudi bila kukwama. “Na hii njo roho yake. Ikikosekana hii, huku kwetu hakuna fundi wa kuitengeneza. Nani anaitunzaka?”

“Miye,” Élisabeth akasema. “Kila Jumamosi, na mafuta ya cherehani.”

Édouard akageuza kitako, akapitisha kidole kwenye mikato iliyokatwa kando kando, mingine mirefu, mingine mifupi, yote imelainika kwa kushikwa.

“Na hii? Nyama kubwa, ee? Nyati?”

Honoré akakohoa. “Nyati.”

“Basi imepiga sana. Bunduki ya kupiga nyati inachokaka mbio. Nilikuwa nataka kusema mia tatu ya dola. Sasa ni mia mbili, na hapo najiumiza.”

“Nyati!” Naomie akaangusha kisu kwa kucheka. “Nyati ya wapi, papa? Ile ya kwenye katoni ya sabuni?”

Élisabeth hakucheka. “Honoré, mwambie mugeni ile mikato ni nini. Ao nimwambie miye?”

Honoré akatazama viatu vyake. Alijua. Kila mtoto wa kijiji chao, Buleusa, aliyepata kula pembeni ya uwanja huo alijua. Bunduki ile ilipofika, hakukuwa na mtu mmoja wa kuiweza peke yake. Nyumba sita zikaungana. Moja ilitoa mawese, nyingine mbuzi, nyingine mpunga wa msimu mzima. Baba wa jirani yao Théoneste, aliyehamia kutoka mbali, Mushaki, alitoa ng’ombe. Halafu kila mwenye nyumba akachukua kisu chake mwenyewe akakata alama yake. Bunduki inalala kwa yule aliyechaguliwa kupiga, na Jean-de-Dieu alichaguliwa mpaka alipofariki. Mjane wake anaitunza, na kuipiga hewani nguruwe wakija shambani, mpaka nyumba zichague mwingine. Mnyama akianguka, kila mkato una fungu lake. Na kama kuna jambo la kuiuza ao kuiharibu, mkato mmoja ukisema hapana, ni hapana.

Haya yote Élisabeth akayasema bila kunyanyuka. Édouard akasikiliza huku akitabasamu, kama mtu anayesubiri mvua ipite aendelee na safari.

“Mama, ile ni mambo ya zamani. Mupigaji amekufa. Muko na chuma inaozea ndani.”

“Haiozi. Umesema mwenyewe.”

“Shemeji, fikiri,” Honoré akaingilia. “Na hii pesa naanza kulipa pikipiki, nabeba muhogo yetu sote mpaka soko. Hii inatusaidia nini?”

“Inatusaidia muhogo ya kubeba iwepo. Nguruwe wa pori wanakuogopa weye, ao wanaogopa mulio yake?” Kisha akamgeukia mgeni. “Papa Édouard, kitendawili.”

Édouard akasita. Wanawake wakamzomea. “Sema tega, papa! Hata kwenu hawategi?”

“Haya, tega.”

“Nilimuuza Jumatatu, akaondoka bila kuaga. Ijumaa akarudi amebebwa na watu nisiowajua, akaniomba mbuzi wangu. Ni nani?”

Kisu cha Naomie kilisimama ndani ya muhogo.

“Jibu liko mikononi mwako,” Élisabeth akasema. “Ukiliuza mbele, litarudi. Sitalisha wanangu ili muntu aje kuwaelekezea bunduki niliyoipaka mafuta kwa vidole vyangu.”

Tabasamu la Édouard likaondoka. Akailaza bunduki juu ya mkeka, taratibu.

“Sawa. Lakini mujue kitu kimoja. Miye natembea njia nyingi. Kuko watu wanaulizaka: wapi kuko bunduki nzima? Wale hawachunguliangi mtutu. Hawatoangi hata mia mbili. Wakija hapa, usiseme Édouard hakukuonya.”

“Unaonya ao unatuma habari?”

“Nasema tu, mama.”

Élisabeth akayapima maneno yale. Wangekuja kweli, na huyu aliyekaa mbele yake ndiye angewaonyesha njia. Akanyanyuka. Hakuelekea bundukini, alikwenda kwenye kinu kilichokuwa kitupu, akachukua mchi, akaanza kugonga ukingo wake. Ko, ko, ko. Ule ndio wito wa nyama: mnyama amefika, njooni na vyombo.

Wakaja na beseni, na majani ya migomba, na mmoja na kofia. Théoneste alifika anatweta, ndoo begani, amevua shati ili lisichafuke na damu.

“Koko, nyama iko wapi? Nani amepiga?”

“Nyama ni hiyo kwenye mkeka. Tukate.”

Wakadhani anatania. Lakini alipowaeleza, beseni zikawekwa chini moja moja. Élisabeth akasema neno lake: kuiuza, hapana. Kuificha, watakuja kuitafuta kwa kuwapiga watu. Linalobaki ni kuivunja leo hii, mbele ya huyu anayebeba habari, ili habari atakayobeba iwe hiyo.

“Na nguruwe?” mtu akauliza.

“Nguruwe tutapigana nao sisi wenyewe.”

Théoneste akajikuna kifua. “Mukato wa baba yangu unakubali kuvunja. Unauma, lakini unakubali.”

“Wako hauhesabiwi,” Honoré akafoka. “Munatoka Mushaki, si wa hapa.”

“We Honoré!” Élisabeth alimrukia kwa sauti mpaka kuku wakatawanyika. “Ng’ombe ya baba yake ilitembea na miguu yake toka Mushaki mpaka kwenye uwanja huu, na weye ulikuwa bado unanyonya. Nyama ya bunduki hii ilikuotesha meno. Ukitaka kufuta mukato wake, anza kutapika!”

Watu wakacheka, lakini si kwa muda mrefu. Nyumba moja ikakubali. Nyingine ikakubali. Naomie akasema kwa ajili ya nyumba yao, na nyumba ya pembeni ya kanisa ikakubali pia. Élisabeth alikuwa mwangalizi tu. Mkato wa nyumba ya mume wake, kwa desturi, ulikuwa umepita kwa mdogo mtu. Kwa hiyo ulibaki wa Honoré. Hapana yake moja ingetosha, na kila mtu alijua, na Édouard pia alijua, maana alimsogelea na kumnong’oneza kitu sikioni.

Honoré akasikiliza. Jasho lilikuwa limelowesha shati la kanisani mgongo mzima. Akatazama pikipiki ya mgeni, akatazama watoto waliokuwa wamekaa kwenye beseni kama kwenye mitumbwi.

“Miye sitaipiga nyundo,” akasema. “Siwezi. Lakini sikatazi.”

“Inatosha, baba,” Élisabeth akamjibu, na sauti ilikuwa imelainika.

Akakichomoa kile chuma alichokipaka mafuta Jumamosi zote zile, akakilaza juu ya jiwe la kusagia. Théoneste akampa nyundo. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likamfanya Édouard aruke.

“Munaua mali! Mama, munaua mali!”

Élisabeth aliendelea mpaka chuma kikapinda na kupasuka. Théoneste akaupiga mtutu kwenye jiwe mpaka ukapata kona. Kisha bibi akaibeba bunduki kwa mikono miwili, akaiweka mikononi mwa mgeni.

“Sasa pima tena.”

Édouard hakuangalia ndani. Akaiacha kwenye mkeka, akapiga teke pikipiki mara kadhaa kabla haijawaka, na Naomie akampigia kelele, “Salimia nyati!”

“Ukifika kule,” Élisabeth akamwambia, “uwaambie umeona nini.”

Alipokwisha kupotea kwenye kona, hakuna aliyeshangilia. Théoneste alikaa chini akishika kitako, kidole kwenye alama ya baba yake, na wakamwacha.

Jua liliposhuka kidogo, nguruwe wa pori wakatoka msituni kama kawaida yao. Shamba la mihogo lilikuwa limezungukwa na watu wa nyumba sita, kila mmoja na sufuria, debe ao mfuniko. Nguruwe mkubwa mbele alisimama akisubiri ule mlio anaoujua. Haukuja. Akaingia, akang’oa shina la kwanza, akatafuna mbele ya macho yao.

Upande wa juu Honoré alianza kupiga bidoni tupu la maji, shati la kanisani limetoka nje ya suruali, sauti tayari imekauka. Wengine wakamfuata. Shina la pili likang’oka. Élisabeth akakunja kitenge chake kiunoni, akaingia kati ya mistari ya mihogo, sufuria ameiinua juu ya kichwa, akimwendea yule nguruwe moja kwa moja.

“Toka!” akapaza. “Toka! Huku kuko wenyewe!”