Thelathini na Tisa

Benchi la maabara lilikuwa fupi, na watu wawili waliolikalia hawakutaka kutazamana. Mmoja alikuwa fundi mwashi mwenye miaka hamsini kasoro, mama ambaye wenzake walimwita Timazi, kwa kuwa aliweza kuona ukuta uliopinda kabla hata ya kuutegea uzi. Wa pili alikuwa mdogo wa mumewe, mchanganyaji zege wake. Siku hiyo shemeji alikuwa na maneno mengi mno. Alisifia feni, akasifia vigae, ikabaki kidogo asifie pipa la taka.

Miaka kumi na tisa Timazi alikuwa akiwabebea wengine mchanga. Wodi ya wazazi ndiyo kazi yake ya kwanza kama fundi mkuu, na siku ya kumwaga nguzo kumi na mbili za chini, mvua ikawashukia katikati ya kazi. Yeye alibaki kufunika nguzo kwa maturubai, akamwachia shemeji ajaze masanduku ya chuma kwa zege lile lile, vipatikane vipande vya kupelekwa maabara. Siku ishirini na nane vililowekwa. Leo vinapondwa kwenye mashine. Visipofika nguvu ya ishirini na tano, nguzo zitabomolewa, na nani atampa tena mwanamke kazi kubwa?

"Shemeji, tulia basi," mchanganyaji alimwambia. "Tumepita hiyo."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Mlango ukafunguliwa. Binti wa maabara akatoka na karatasi, anatabasamu.

"Hongera, mama. Thelathini na tisa!"

Shemeji aliruka kama aliyekalia kaa la moto, akampa binti mkono, akampa na mlinzi aliyekuwa akipita zake. Timazi hakuinuka. Furaha ilimjia, tena nyingi, akaionja kidogo, halafu ikamkwama. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na mvua juu yake: zege hilo halifiki thelathini na tisa hata likiombewa.

"Saini hapa, mama, nikupigie muhuri."

Alishika kalamu. Hakuna aliyejua, na saini yake ilikuwa na herufi nne tu.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "yale masanduku uliyajaza zege gani?"

Mwenye maneno mengi akavua kofia.

"Nakuuliza."

"Nilichanganya pembeni, ndani ya stoo," alisema mwishowe, sauti imemshuka. "Saruji nikaizidisha. Nilikuona umelowa chapachapa, unapigana na maturubai peke yako. Roho iliniuma, shemeji. Nikasema huyu asije akaangushwa na mvua."

Timazi alitamani kumzaba kofi, na papo hapo alitamani kumshika mkono, maana katika ukoo mzima wa mumewe hakuna mwingine aliyewahi kuumia kwa ajili yake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipiga moyo konde, akairudisha kalamu mezani.

"Binti, karatasi hii usiipige muhuri. Vipande hivyo havikutoka kwenye nguzo zangu."

Tabasamu la binti likayeyuka. "Mama, unajua nitalazimika kuandika hivyo?"

"Andika. Halafu niandikie ombi jingine. Mje mtoboe nguzo zenyewe, mchomoe vipande mkapime."

"Nguzo ipi?"

Ipo iliyomwagwa kabla ya wingu kutanda, nzima kabisa, na Timazi aliijua. "Anzeni na ya kona, karibu na geti," alisema. "Hiyo ndiyo iliyonyeshewa zaidi. Kisha nyingine zote."

"Majibu ni baada ya siku kumi."

"Nitasubiri."

Binti alirudi ndani kutafuta fomu. Shemeji alikuwa ameketi tena, kofia mapajani, uso umemvimba kwa haya.

"Na zikifeli?" aliuliza.

"Tutazibomoa, mimi na wewe, kwa mikono yetu. Wanawake watalala mle ndani na vichanga vyao, shemeji. Hawatalala kwenye vile vipande vyako."

Shemeji aliipangusa kofia isiyo na vumbi.

"Nyundo kubwa ninayo," alisema.