Niamshe Hata Nikilia

Sharti la Soazig lilikuwa moja tu, na alilitoa jikoni kwao Camaret, pwani ya Bretoni huko Ufaransa, huku akipaka siagi ya chumvi kwenye mkate, bila hata kumtazama mumewe.

"Zamu yangu ya usukani ikifika, uniamshe. Hata nikilia. Hata nikikutukana. Ukinionea huruma tena, Goulven, nashuka Hispania narudi kwa basi, na boti tunaiuza."

Goulven alisema sawa. Angesema nini? Miaka minane boti yao ya matanga ilikaa gatini ikiota mwani kwa sababu ya hiyo huruma yake. Safari ya mwisho, wakivuka Ghuba ya Biskaya, alimkuta mkewe amelala fofofo akasema moyoni, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, masikini, acha apumzike. Akaunganisha zamu yake na ya mkewe, usingizi ukamchukua palepale kwenye usukani. Soazig aliamshwa na honi ya meli ya mizigo iliyopita karibu mno, hata akaiona kutu ubavuni mwake. Hakupiga kelele. Alipofika nyumbani alitundika koti lake la mvua msumarini na hakulishusha tena. Na kilichomuuma si ile meli. Ni kwamba mumewe alimwona mtu wa kubebwa.

Sasa wote wamestaafu, na koti limeshuka. Siku ya kuondoka, dada yake Goulven alikuja gatini kuwaaga na kopo la nyama ya yule mnyama mwenye masikio marefu. Goulven aliruka nyuma kama aliyepewa nyoka, maana baharia wa Kibretoni hamli mnyama huyo chomboni, wala jina lake halitaji.

"Mwanamke huyu anataka kutuzamisha!"

"Ni dada yako," Soazig alisema.

"Ndiyo maana namjua."

Upepo wa kaskazini ulikuwa mwema, ila miili ilikuwa imesahau bahari. Vidole vya Soazig vilibabaika kwenye mafundo, na chapati alizokula nyumbani alizitapika zote, zikaishia kwa samaki. "Leo wana karamu," Goulven alisema, akimshikilia kwa mkanda wa usalama asitumbukie. Lakini ahadi aliitimiza. Kila zamu ilipofika aligonga ubao wa kitanda, na Soazig akapanda akiguna. Walikabidhiana kama baba yake Soazig alivyowafundisha: anayeondoka anataja njia, upepo na vyombo vinavyoonekana, kisha anasema, "Ni yako." Mwenzake anajibu, "Ni yangu." Kabla ya jibu hilo hakuna kuachia usukani.

Halafu asubuhi moja, nchi kavu imeshabaki mbali nyuma, Soazig alifumbua macho akaona jua limejaa kwenye kidirisha. Zamu ya alfajiri ilikuwa yake. Hasira hasara, na hasira hiyo ilimpandisha ngazi hata mkanda hakufunga.

"Umeniacha nilale!"

Goulven alikuwa wima kwenye usukani, nywele zinachuruzika maji, macho mekundu. "Kafunge mkanda kwanza."

"Usinibadilishie maneno! Uliahidi, mzee wewe! Na mimi mjinga nikakuamini. Sungura mkubwa wewe!"

Uso wa Goulven ulibadilika. Haraka akagusa ubao wa usukani kuondoa mkosi. "Niite mbwa, niite punda. Hilo usilitaje humu!"

"Sungura! Sungura! Sungura!"

"Soazig, tazama miguu yako."

Akatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa na buti, limekazwa vizuri. Wa kulia ulikuwa na soksi ya sufu.

"Nilikuamsha," Goulven alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Bahari ilikuwa tupu, nikaufunga usukani kwa kamba, nikashuka. Ukasema naja. Nikasubiri wee. Nikashuka tena, ukaketi, ukavaa buti moja, ukamtukana babu yangu. Nikasema haya, huyu kaamka. Kupanda juu, nakuta meli za uvuvi zimetuzunguka. Nani angeshika usukani nikishuka tena? Nimekuita mpaka koo limegoma. Sikuketi hata kidogo. Kila nikipiga mwayo najimwagia maji ya bahari. Meli sikuziogopa kama nilivyoliogopa hilo basi lako."

Soazig aliona haya, haya ya kweli, ya kutamani kujificha ndani ya hilo buti moja.

"Babu yako yupi?" aliuliza mwishowe.

"Yule wa kisiwa cha Ouessant."

"Huyo alistahili."

Alishuka akavaa buti la pili, akafunga mkanda, akarudi. Goulven akamtajia njia, upepo, na meli mbili za uvuvi zilizokuwa zikitokomea. "Ni yako."

"Ni yangu."

Alasiri ikafika zamu ya Goulven. Upepo ulikuwa mtulivu, bahari tupu pande zote. Soazig akaufunga usukani, akashuka. Mumewe alikuwa amelala na koti lake, kinywa wazi, chumvi imekauka kwenye nyusi, kiganja chini ya shavu. Amezeeka, Soazig aliwaza. Masikini, acha apumzike.

Akashtuka, mkono umeshika ngazi. Ni maneno yaleyale ya Goulven. Na yalikuja yenyewe, bila dharau hata chembe. Miaka minane alikuwa ameamini kwamba mumewe alimwona dhaifu, kumbe alikuwa amesimama hapahapa, akimpenda namna hii hii. Akatamani kumwomba radhi. Akatamani zaidi kumwacha alale, kidogo tu, nani angemlaumu?

Akagonga ubao wa kitanda kwa nguvu.

"Goulven. Zamu."

"Naja," mumewe alisema, amefumba macho.

Soazig alichungulia nje, bahari bado tupu, akarudi akasimama palepale mpaka Goulven alipovaa buti la pili.