Ghala la Kumugongo

Privatus alikwisha kuogopa mengi maishani: fimbo ya padri wa shule ya bweni, nyoka wa migombani, na uji wa Jumatatu. Lakini hakuwahi kuogopa kushinda. Siku hiyo, ndani ya ukumbi wa Chama Biharamulo, aliwaomba watakatifu wote aliowafahamu, na wawili aliowabuni papo hapo, ashindwe.

Maonyesho ya wanafunzi wa sanaa wa chuo kikuu yalikuwa yafanyike Bukoba, lakini mwisho wa mwaka ule wa 1978 Bukoba ilikuwa na wageni wengine: mizinga. Basi picha za vijana wa Ziwa Magharibi zikaletwa Biharamulo na kutundikwa kwa namba, bila majina, ili majaji wasipendelee. Mada ilikuwa "Kijiji Chetu". Zawadi ilikuwa sanduku la rangi za mafuta.

Picha namba saba ilikuwa ya Privatus: kijiji chao cha Kumugongo, wilaya ya Ngara, kama akionavyo mwewe. Nyumba zimenyooka kama gwaride. Kisima, zahanati, ghala kubwa la mabati. Na mbele ya picha hiyo alisimama kapteni wa jeshi, mikono nyuma, kwa muda ambao hakuna mwanajeshi anayeupoteza kwa ajili ya sanaa.

"Barabara hii inapitisha lori?" aliuliza.

"Kwa picha, inapitisha, afande," mgambo mmoja akajibu.

"Hii si picha. Ni ramani. Aliyeichora alikuwa anamchorea nani?"

Kila mtu alikumbuka muuza dagaa wa Lusahunga aliyekamatwa kwa kuhesabu malori ya jeshi. Dagaa wake walirudi nyumbani. Yeye bado.

Ndipo Mwalimu Anatory wa chuo kikuu, aliyekuwa jukwaani na hakusikia lolote, akanguruma kwa furaha: "Ndugu wananchi, mshindi ni namba saba! Ndugu Privatus Ntirampeba, pita mbele!"

Miguu ya Privatus ilipita. Yeye mwenyewe alibaki nyuma.

"Kumbe ramani ina mwenyewe," alisema kapteni. "Kutoka ghalani mpaka kisimani ni mbali kiasi gani?"

"Sijui, afande."

"Umelichora, hulijui?"

Mgambo wawili wakamshika mikono. Jibu alikuwa nalo, lakini lingemponza mtu mwingine. Likizo iliyopita aliona uvivu kupanda kilima akachore kijiji. Alinakili ubao uliopakwa rangi nje ya ofisi ya kijiji, ule unaoonyesha Kumugongo itakavyokuwa. Ubao huo ulikuwa wa mwenyekiti, Mzee Kazimili, baba yake mkubwa aliyemlea, ambaye kila mwaka alitangaza wilayani kwamba yote yamekwisha kujengwa. Na Mzee Kazimili alikuwa ameketi safu ya mbele, bega kwa bega na mkuu wa wilaya ya Ngara.

Privatus alimtazama. Mzee alitazama viatu vyake.

"Mpelekeni," alisema kapteni.

Mzee akakohoa, akasimama.

"Afande, mwachie mtoto. Adui akija na ramani hiyo, atakufa kwa kiu. Hakuna kisima. Zahanati ni kichaka. Hapo penye ghala ndipo ninapomfunga beberu wangu."

"Na nyumba?"

"Zipo. Lakini zimetawanyika kama mbuzi wa yatima."

Kapteni alicheka, peke yake, akaamuru kijana aachiwe. Mkuu wa wilaya hakucheka.

"Mzee Kazimili," alisema polepole, "yale mabati ya ghala niliyokuletea, yako wapi?"

Privatus aliyajua yalipo. Likizo nzima alilala chini yake, akisikiliza mvua.

Mgambo wakahamisha mikono yao kwa mzee. Mwalimu Anatory, aliyekuwa bado anatabasamu, akamtwika mshindi sanduku lake la rangi, naye akalikumbatia. Baba yake mkubwa alipopita karibu, aliinama kama anayempongeza.

"Hongera, mwanangu," alinong'ona. "Mwambie mama yako mkubwa aezeke nyumba kwa nyasi. Upesi."

Basi la Ngara lilikuwa la kesho. Huko nje, Landrova ya mkuu wa wilaya ilikwisha kuwashwa.