Koki Iliyoachwa Wazi

Karani wa nidhamu aliniambia nina mpaka kengele ya chakula cha mchana kuchagua: nikubali kuhukumiwa mezani kwa nahodha, yaishe leo leo, au nikatae, nipelekwe mahakama ya kijeshi. "Kafikirie vizuri," akasema. Nikafikirie wapi? Chumbani tunalala kama dagaa. Sitahani kila mtu ananitazama kwa jicho la upande, maana kwa ajili yangu wameoga maji ya chumvi mpaka tukafika bandarini, na chumvi ikikukaukia kwapani humpendi mtu.

Basi nikawa natembea. Mbele, nyuma, ngazi juu, ngazi chini. Mpishi alivyoniona napita tena mlangoni kwake akasema, "Mzee wa Maji, utatoboa sakafu tuzame kabisa." Nikamwambia aangalie sufuria zake.

Jioni ya mkasa wenyewe, tukiwa bado baharini, zamu ya chumba cha pampu ilikuwa yangu. Jina langu liko ubaoni. Lakini jino lilikuwa linaniua, naona nyota. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tuko naye meli moja. Akaniambia, "Shemeji, kalale, nitakushikia." Kubadilishana zamu bila ruhusa ni kosa, nilijua, ila jino halisomi kanuni. Nikalala. Yeye akafungua koki ya kusafishia mabomba, akakaa na simu yake, akasahau kuifunga. Tangi zima la maji matamu likamwagika baharini. Asubuhi watu wamejipaka sabuni, mabomba yanakohoa hewa tu.

Waliponihoji nilisema, "Zamu ilikuwa yangu, afande." Si uongo. Nikanyamaza, nikimngoja mwenye kosa ajitokeze mwenyewe. Akajitia hamnazo.

Nikikubali meza, nahodha atanivua tepe la cheo. Kila mtu anajua, kwa uzembe ndiyo adhabu yake. Na bila tepe hukai kota za jeshi. Mke wangu na watoto watatolewa kwenye nyumba ile tuliyoisubiri miaka, yenye jiko lake na choo cha ndani. Nikikataa, mahakamani watu wanaapishwa. Shemeji angeulizwa, na akiulizwa kwa kiapo angetapika yote, maana moyo wa kuficha mambo hana. Mimi singemtaja. Ukweli ungetoka wenyewe, na mimi ningepata karipio tu la kubadilisha zamu.

Lakini yeye bado yuko kwenye majaribio. Kosa moja, anarudishwa nyumbani na begi lake. Na ndiye kitinda mimba kwao. Mama yao alipougua, mke wangu ndiye aliyembeba huyu mdogo wake mgongoni, naye mwenyewe akiwa bado mtoto. Siku anaingia jeshini, mke wangu alinishika mkono akasema, "Baba watoto, huyo ni roho yangu. Unitazamie."

Haya, nilikuwa namtazama. Kengele ilipolia nikamkuta kwenye mlango wa nahodha, kwa sababu askari wa zamu wa kunisindikiza siku hiyo alikuwa yeye. Amevaa sare nyeupe, mkunjo wa suruali umenyooka sawasawa na wangu. Pasi ni ile ile ya mke wangu.

"Shemeji, umeamua?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe umeamua?"

Akatazama viatu vyake. "Mimi nimeambiwa nikusindikize tu."

Nilitaka nimshike kola nimbane ukutani, na ningefanya hivyo kama mlango usingefunguliwa.

"Mshtakiwa, mbele tembea. Simama. Kofia vua." Sauti ilikuwa ya shemeji, imekauka. Mezani pale mshtakiwa peke yake ndiye anayevua kofia, wengine wote wanabaki nazo. Unasimama kichwa wazi, unajiona uchi.

Nahodha wetu ni mtu asiyepandisha sauti. Alisoma shtaka, akaliweka chini. "Unakubali nikuhukumu hapa, au unataka mahakama?"

Neno "mahakama" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikamtupia jicho shemeji. Amekodolea ukuta, na kidevu kinamtetemeka. Kidevu kile nakijua. Mke wangu akizuia kulia, chake hufanya hivyo hivyo.

"Nakubali, afande," nikasema. "Nihukumu hapa."

"Wewe ndiye uliyeacha koki wazi?"

"Zamu ilikuwa yangu, afande."

"Sikukuuliza zamu ya nani." Akangoja. Nadhani alinusa kitu, maana aliwatazama waliosimama mle ndani mmoja mmoja. "Kuna mwenye la kusema?"

Feni ikazunguka. Nilisubiri, jamani, nilisubiri mpaka shingo ikaniuma.

"Ulikuwa uzembe wangu, afande," nikasema.

Tepe limevuliwa. Kutoka melini marufuku, na kila alasiri nipige deki sitahani na wenzangu wenye adhabu. "Kofia vaa," shemeji akaamuru. "Nyuma geuka."

Nje alinishika kiwiko akaanza, "Shemeji..." Nikamwambia asinichoshe.

Kabla ya deki niliruhusiwa kupiga simu nyumbani. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Nitamwambia kosa ni langu, mdogo wake nisimguse kabisa, nilibebe peke yangu. Siwezi kukataa, nilijivunia kidogo.

"Mama watoto," nikasema, "wamenivua tepe. Itabidi..."

"Vyombo nimeshafunga," akasema. "Limebaki kabati."

"Umefunga lini?"

"Jana."

"Jana nilikuwa sijahukumiwa."

Nikasikia utepe wa kufungia maboksi unavutwa, kisha ukaachwa. "Alinipigia siku mliyotia nanga," akasema. "Analia, anataka aende kwa nahodha aseme yote. Nikamkataza. Nikamwambia wewe utakubali."

Niligeuka. Shemeji alikuwa amesimama mwisho wa ujia, kofia ameivua, ameishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwamuru.

"Ungeniomba," nikamwambia mke wangu. Iliniuma, tena iliniuma kuliko tepe. "Ungeniomba tu, ningekupa."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilishindwa kukuomba."

Spika ikaita wenye adhabu wapande na ndoo zao. Nikarudisha simu, nikapanda, nikaanza kusugua kwa nguvu kama vile mbao ndizo zilizonikosea. Baada ya muda shemeji akaja na brashi yake, akapiga magoti karibu nami. Sikumfukuza. Ila sikumsogezea ndoo.