Vijiti Sita vya Mforosadi

Nelima aliniambia haya Jumapili iliyopita tukitoka kanisani, hasira bado zimemjaa. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana mimi sina haraka.

Watu wa kupitisha nyaya za stima waliukata mforosadi uliopandwa na marehemu baba yake kule Myanga. Mama yake, Nekoye, aliokota matawi akalia. Nelima akampigia simu mumewe, Kemboi, anayeuza miche Kitale. Kesho yake asubuhi Kemboi akafika na pikipiki. Matawi mengi yalikuwa yameshakauka. Akapata vijiti sita tu vyenye uhai. Akakata upande wa chini mshazari na wa juu sawa, ili upande wa kuingia udongoni ujulikane.

Lakini kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Kemboi akasimama nyuma ya ghala, Mama nyuma ya jikoni alikotaka kuvipanda, Nelima katikati akitembeza vijiti na maneno.

"Mwambie Mama ule mshazari ndio uende chini."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi."

Nusu saa ikapita.

"Mwambie nimevisawazisha kwa panga," Mama akasema. "Alikuwa ameviacha upogo upogo, kazi ya haraka hiyo."

Kemboi akashika kichwa. "Amesawazisha vyote?"

"Vyote. Pande zote mbili," Nelima akasema.

"Kijiti kikipinduliwa hakishiki, na vingine hakuna! Mwambie aangalie macho ya kijiti, pale panapochipua majani. Yanaelekea juu."

"Ati macho?" Mama akajibu. "Haya yangu yenyewe hayaoni tundu la sindano."

Nelima akavigeuzageuza. Yeye aliona kuni tu.

"Si aje aone mwenyewe?" Nelima akauliza.

"Aje wapi? Na mimi nimekaa hapa?"

"Basi wewe ingia ndani, Mama! Jameni!"

Saa nzima ya kelele, na hakuna aliyewaza hilo.

Mama akaingia, akafunga mlango na dirisha. Kemboi akaja, akapapasa kila kijiti kwa kidole gumba, akapanda vyote, akamwagilia, akavifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa.

"Mwambie asikanyage sukuma wiki yangu!" ikatoka sauti ndani.

"Mwambie sijakanyaga."

Akakaa akingoja chai, mgongo kwenye mlango. Alikuwa ametoka Kitale saa kumi alfajiri. Usingizi ukamchukua papo hapo.

"Nelima, mwambie aondoke, nitoke nione vijiti vya mzee."

"Amelala, Mama."

"Mkwe analala kwangu? Watu watasema nini? Mwamshe!"

"Mwamshe wewe."

Kiti kikalia ndani. Baadaye Mama akauliza polepole, "Vyote sita vinatazama juu?"

"Vyote, Mama."

Punde Nelima akasikia mkoromo ndani ukijibu ule wa nje. Chai hakuna aliyepika. Nelima akatandika gunia kando ya zile chupa, afukuze kuku, akasema afumbe macho kidogo tu, naye akalala.