Nywele za Mama Kule Manila

Rimoti ililowa jasho mkononi mwangu, ingawa kiyoyozi kilikuwa kikinguruma. Kwenye televisheni, usiku wa Manila ulikuwa umeshaingia, na watu wa filamu wakimiminika ukumbini kugawiwa tuzo zao za mwaka. Kwetu Ibra, huku Omani, tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kusali alasiri.

Nenita, Mfilipino anayemtunza mama yangu, alikaa miguuni pa mama akitafuna kucha. Mwanawe alikuwa akishindania tuzo ya filamu fupi. Filamu ilihusu maisha ya mama yake ugenini, na picha Nenita alizipiga humu humu ndani, kwa simu.

Asubuhi ndipo aliponipasulia, kwa Kiswahili alichofundishwa na mama.

"Baba Luay, Bibi naye yumo."

"Yumo vipi?"

"Namsuka."

"Kichwa wazi?"

Akainamisha chake. "Nilimwomba ruhusa. Akasema, mwanao ni mjukuu wangu, mpelekee."

Mama alidhani ataonwa na mjukuu. Hakujua kwamba mjukuu ana ukumbi mzima. Na huyu ni mama ambaye msoma habari akiwa mwanamume hujifunika ushungi; ukimwambia yule bwana hamwoni, yeye hukujibu, "Umemuuliza?"

Mimi ni fundi wa magari. Gari likiwa limekufa, namwambia mwenyewe limekufa. Hili sikumwambia mama. Nikaomba waziruke picha za kijana yule, au ukumbi ukatikiwe na umeme. Na wasipoziruka, nazima, nasingizia intaneti.

Hapo akaingia jirani yetu Khalaf na birika la kahawa. Habari haijawahi kulala kwa Khalaf.

"Nasikia nyumba hii leo ina wasanii!"

Mama alikuwa amejitanda kanga moja ya doti mpya, ya pili ameikunja mapajani, na amejifukiza udi. "Wasije wakasema Nenita anakaa kwa watu wachafu."

"Bibi, hao hawakuoni!"

"Kunywa kahawa yako, Khalaf."

Wakaanza kuonyesha filamu za washindani, kipande kipande. Nenita akaguta: jina la mwanawe! Kisha mvi za mama zikajaa kioo kizima, nyeupe kama pamba, zimemwagika mabegani, na vidole vya Nenita vikizigawa mafungu taratibu, kama mtu anayechambua hariri. Sikuwa nimeziona nywele hizo tangu utotoni. Kidole changu kikagusa kitufe.

"Usizime," mama alisema.

"Mama, kichwa chako..."

"Nakiona. Tuzo ya mtoto wa watu haijatajwa."

Khalaf alikuwa amekiinamia kikombe chake kama mtu aliyedondosha kitu ndani. Mama akainuka kwa kuliegemea bega la Nenita, akaikunjua ile kanga ya mapajani, akaitundika juu ya televisheni.

"Masikio yatatosha," akasema, akarudi kukaa.

Mwanga ukapenya maua ya kanga. Nyuma yake mtu akasema jambo, ukumbi ukacheka, kisha ukanyamaza. Bahasha ikachanwa. Nikajikuta naomba tena, dua nyingine kabisa, na rimoti nimeshaiweka sakafuni.

Sauti ikatamka maneno ya Kifilipino ambayo mle chumbani aliyeyaelewa ni Nenita tu. Makofi yakalipuka. Mama akaweka mkono juu ya kichwa cha Nenita, na sote, hata Khalaf, tukageuka kuutazama uso wa Nenita, utuambie nani ameshinda.