Mlezi Aliyetoka Kumbini Mzima

Gideoni alikwenda kutibiwa Ndanda, kwa sababu Newala wangemwona watu wanaomwita Mlezi. Kila msimu wa jando ndiye anayekaa kumbini na wavulana wa Makote, anawaosha vidonda, anawaambia mwanaume halii. Sasa alisimama nyuma ya pazia, suruali magotini, ameuma meno.

"Sukari huna, tumepima," alisema Daktari Cuthbert. "Dawa ya kupaka ikiisha, ugonjwa unarudi. Govi limepasuka mara nyingi, limefanya kovu na kukaza. Naweza kukupa dawa nyingine tuone. Au tutahiri. Utachomwa ganzi, na kupona ni kama wiki sita. Sikulazimishi, baba."

"Nikisubiri?"

"Linaweza kukaza mpaka mkojo utoke kwa taabu."

Gideoni aliomba akafikirie. Akafikirie nini? Mwaka wake wa jando alishikwa na surua, ngariba akamruka. Baba yake, mwalimu wa kanisa, aliona aibu kumrudisha nyumbani. Akamwacha kumbini hadi wenzake walipopona, akatoka nao, nguo mpya, jina jipya. Waliobaki wakijua ni kaka yake Bartholomayo, na Yuster, mke wa Gideoni mwenyewe.

Asipokatwa, kila haja ndogo ni moto, na kitandani analala ameugeukia ukuta. Akikatwa, mwendo utamsema. Nani Makote asiyeujua ule mwendo wa miguu kando? Yeye mwenyewe ndiye anayewashika watoto mikono wakiuanza.

Alimweleza Yuster kwa simu, na aliporudi nyumbani Makote, Bartholomayo aliingia kabla Gideoni hajakaa vizuri.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nasikia unataka kukatwa."

"Nimemwambia mimi, Baba Huruma," Yuster alimwambia mumewe kutoka jikoni. "Nilidhani atakusindikiza."

"Nimsindikize kwenye aibu? Mlezi mwenye govi! Watatuimba mpaka vijiji vya Mnyambe."

"Waimbe," Yuster akajibu. "Shuka za usaha nafua mimi, hawafui watu wa Mnyambe."

Gideoni hakulala. Alipokwenda kukojoa alfajiri, alishika ukuta wa choo kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. Aliporudi ndani akamwambia Yuster afunge kanga mbili kwenye mfuko.

Alirudi kutoka Ndanda amejifunga moja ya kanga hizo, miguu kando. Njia ya nyumbani inapita kibarazani kwa mzee Awadhi, na wazee walikuwepo. Waliutazama mwendo wake.

"Mlezi," Awadhi akasema taratibu, "wewe nawe umetoka kumbini leo?"

Mmoja akacheka, wengine wakafuata. Bartholomayo aliinuka katikati yao, akamshika mdogo wake kiwiko.

"Waombe radhi wazee. Wamekuamini na watoto wao miaka yote hii."

Gideoni aliutoa mkono ule. Jasho lilimtiririka, hakujificha.

"Nilikuwa mtoto mwenye surua," alisema. "Mkinitaka msimu huu, nitawaosha wavulana vidonda kama siku zote, na anayetaka kulia atalia. Radhi siombi."